Shika Mlango Nikafuate Bisibisi

Juu mlimani,
14 Aprili

Kwako Bomba, mdogo wangu wa tumbo moja, kwa bahati mbaya.

Salamu nyingi, ingawa si za kukutosha. Natumaini shemeji yangu hajambo, maskini, maana kuishi na wewe ni kazi ya kulipwa mshahara. Mimi nipo. Goti la kushoto huuma mvua ikija na huuma mvua ikiondoka, kwa hiyo mwaka huu halijapumzika.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Siku ya msiba wa baba niliapa sitaki kuisikia sauti yako tena, na wewe ukaapa hivyo hivyo, tena kwa kelele. Kiapo ni kiapo. Lakini niliapa kwa masikio, sikuapa kwa macho. Kwa hiyo soma.

Mlima umeshuka. Mvua ilinyesha wiki nzima bila kuomba ruhusa, kisha ule upande wa juu ya shule ukakatika kama kipande cha mkate, ukaangukia mtoni. Mto ukasimama kidogo kama mtu anayefikiri, halafu ukaamua kupita katikati ya nyumba yangu. Karakana imebaki kwa sababu iko juu ya mwamba, pale uliponicheka nilipoijenga, ukasema eti nataka kumchongea Mungu kitanda. Nyumba haipo. Hata mahali ilipokuwa hapapo.

Ilikuwa hivi. Maji yalipofika kizingitini nikaona kitu cha kuokoa ni mlango wangu. Nikamwambia mwenzangu, shemeji yako, shika mlango nikafuate bisibisi, nije nifungue bawaba. Nikapanda karakanani. Niliporudi na bisibisi, palikuwa na mto tu.

Hilo basi. Usiniulize zaidi.

Ninachokuandikia ni mlango. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye mtambo wa maji wa huo mji wenu, kuondoa takataka kwenye wavu wa chuma zisiingie kwenye pampu. Kila kinachotoka kwangu kinapita kwako. Mlango wangu hauwezi kupenya kwenye wavu, ni mpana kuliko akili zako. Kwa hiyo unao. Uweke mahali pakavu, uulaze, usiuegemeze juani. Usithubutu kuutundika. Nitaufuata njia ikifunguka.

Simu hazishiki, mnara nao umelala. Barua anakuletea dereva wa lori la mbao, anayezunguka kwa nyuma ya mlima. Mpe maji ya kunywa, kama mnayo.

Kaka yako, upende usipende,
Randa


Mtamboni,
6 Mei

Kwa Kaka Randa.

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alinifundisha, si kwa ajili yako.

Huku hatujambo, kwa kadiri watu wasio na maji wanavyoweza kusema hawajambo. Mke wangu anakohoa. Binti yangu wa mwisho amefaulu mtihani, hakukurithi.

Umeuliza kama tuna maji ya kumpa dereva. Hatuna. Mlima wenu umo ndani ya mabomba yetu. Ukifungua mfereji unatoka uji wa kahawia, halafu hewa, halafu matusi ya jirani. Pampu mbili zimeungua. Mabwawa ya kuchujia yamejaa matope, tunayachota kwa koleo kama wachimba kaburi. Hospitalini wanachemsha maji ya mvua, na watoto wanaharisha. Watu wa mjini hawajui habari za mlima wala maporomoko, wanachojua ni mimi. Jana mama mmoja aliibeba ndoo yake ya matope mpaka dirishani kwangu, akaiweka mezani, akasema, "Haya baba, anza wewe." Na viazi je? Tangu njia ikatike, kiazi kikionekana sokoni watu wanasimama kukitazama kama mgeni rasmi.

Nani kayaleta hayo? Nyinyi. Miteremko ile ilikuwa imefungwa kwa mizizi kama mzigo uliofungwa kwa kamba. Mmefungua kamba mkaenda kuziuza, sasa mnashangaa mzigo kumwagika. Na fundi seremala wa kwanza kushika shoka ni wewe.

Haya, wavu. Nimetoa magogo, mbuzi wawili wafu, dawati la shule, mzinga wa nyuki na nyuki wenyewe wamo na wamekasirika, na kibao kilichoandikwa "Karibu Tena". Mlango wa baba sina la kukuambia. Na hata ningekuwa nalo, nisingeuita wako. Uliung'oa kwenye bawaba zake wageni wa msiba wangali na vikombe vya chai mikononi. Mimi nilikuwa nimemshika mama asianguke, nikasikia bisibisi inazunguka nyuma yangu. Sauti ile ndiyo niliyoapia.

Jambo moja tu. Umeandika ukurasa mzima juu ya mlango. Shemeji umemwandikia mstari mmoja, tena hukusema hata neno la kumlilia. Yuko wapi?

Ndimi mdogo wako,
Bomba


Juu mlimani,
25 Mei

Kwako Bomba, bwana mkubwa wa takataka.

Marahaba. Imefika ikiwa baridi, nimeipasha moto. Mwambie binti yako baba yake mkubwa anampongeza, na asikubali mtu amwambie akili kazitoa kwa babake.

Unanihesabia miti. Hebu inuka hapo ulipo uangalie kitanda chako. Nilikichonga mimi kabla hatujagombana, ukakitaka kipana, ukasema mtu wa mjini hulala kama jogoo kafungua mbawa. Meza ya bosi wako ilitoka huku. Milango ya hiyo hospitali ilitoka huku. Mkaa uliopikia chai yako asubuhi ulitoka huku, na sijasikia kikombe kikikukaba. Miti ile haikupaa mbinguni. Ilishuka kwenu kwa malori, mkaishangilia. Sasa udongo umeona upweke, umefuata miti yake.

Na usidhani mnaoumia ni nyinyi peke yenu. Huku chumvi hakuna, sabuni hakuna, msumari nauchomoa kwenye kiti kibovu naunyoosha naupigilia kwenye kizuri. Wewe huna maji safi, mimi ninayo lakini sina sabuni ya kuyatumia. Ndio ndugu sisi.

Kuhusu shemeji yako nilikwambia usiulize. Alikuwa na mdomo yule. Kama yuko na samaki, basi samaki wamekoma. Majirani walikuja kukaa msiba usio na maiti, wakanimalizia viazi, wakaondoka. Kuna msemo kwamba ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, wakipatana uchukue kapu ukavune. Watu wa huku walilima zamani sana, Bomba, na makapu yamewaozea mikononi.

Sijalala na njaa lakini. Mjane wa fundi cherehani ananiletea uji asubuhi na jioni. Ana mkono mzuri, sina la kusema.

Utanisamehe mwandiko kupinda. Hukuona? Miwani yangu imekwenda na mto, naandika kwa kukisia. Juzi nimechonga kiti, miguu imetoka kila mmoja na urefu wake. Nimemuuzia mwalimu, nikamwambia ni kiti maalumu cha mteremko. Amefurahi sana, amekikalia, anateleza taratibu anasema hajawahi kuona ufundi kama huu.

Mlango wangu. Unanizungusha zungusha, na mtu asiye na kitu hazungushi, husema sina. Unao. Usiutundike.

Kaka yako,
Randa


Mtamboni,
13 Juni

Kaka.

Shikamoo. Hatujambo. Kikohozi cha mke wangu kimepoa.

Bosi amesema maji yasipotoka safi mpaka mwisho wa mwezi ujao, mimi ndiye nitakayekwenda nyumbani. Nimemwambia akaufukuze mlima kwanza, mimi nitafuata. Hakucheka. Miaka yote nimeulinda mtambo huu, na mwisho wangu unatoka kwenye mteremko ambao sijaukanyaga tangu baba azikwe.

Barua zako huwa nazisoma kwa sauti baada ya chakula. Kuna mtu hapa nyumbani huzisikiliza. Ya kwanza aliisikiliza bila kucheka. Hii ya pili alicheka kwenye kiti cha mwalimu mpaka akashika mbavu, na nilipomaliza akataka niirudie kuanzia juu. Safari hiyo kwenye samaki aliangalia ukuta. Kwenye uji aliinuka, akaenda kusugua sufuria ambayo ilikwisha sugulika.

Nimepewa maswali nikuulize. Uji wa nini? Unaletwa kwenye chombo cha nani? Na huyo mjane akishaleta, huondoka au hukaa?

Miwani yako haikwenda na mto. Iko karakanani, juu ya boriti, ndani ya buti la kushoto, lile lililopasuka kisigino. Uliitia humo siku ulipokasirika kwa kuambiwa umezeeka, ukasema huhitaji miwani, unahitaji mwanga.

Usiniulize nimejuaje. Neno hilo umelipenda sana, nakurudishia.

Bomba


Juu mlimani,
2 Julai

Bomba.

Hujambo. Wa kwako hawajambo. Salamu zimeisha.

Barua ilipofika niliisoma nikiwa nimeishika mbali kama mkono wangu unavyofika, nikairudia. Kisha nikaenda nikakaa chini ya boriti. Nilikaa sana. Mtu akishaingiza mkono ndani ya buti, anajua. Kabla hajaingiza, bado anaweza kubishana.

Miwani ilikuwemo.

Karakana yangu hujaikanyaga tangu msiba wa baba, umesema mwenyewe. Buti lile nililinunua baada ya msiba ule. Na neno la kuzeeka niliambiwa na mtu mmoja tu, tulikuwa wawili, mlango umefungwa.

Sasa nisikilize vizuri wewe mtu. Kama umeokota maneno hayo mahali, kama ni mchezo wa kunilipa kwa ajili ya ule mlango, nitapanda lori na shoka langu na tutavunja viapo vyote siku moja. Nimelala karakanani tangu Aprili, kwenye kitanda cha mteja. Naamka naita mtu anipe maji, halafu nakumbuka, halafu nayafuata mwenyewe. Unaniambia nilimwandikia mstari mmoja. Ningeandika nini? Mlango una vipimo. Najua upana wake, najua unene wake, najua bawaba ya juu imelegea. Hata nikiwa kipofu nakuandikia mlango. Lile jingine halina vipimo, nililishika kila upande nikakosa pa kuanzia kupima. Na mzaha ule wa samaki niliuandika nikiwa nimekaa kwenye vumbi la mbao, ili nisiandike kitu kingine.

Jibu swali moja, usizunguke. Yupo?

Uji ni wa mtama. Bakuli ni la mjane. Na huwa anakaa. Kuanzia leo hakai.

Randa


Mtamboni,
19 Julai

Kaka.

Shikamoo.

Yupo.

Alifika asubuhi iliyofuata maporomoko. Nilikuwa juu ya wavu na ndoana yangu ndefu, natoa magogo. Nikauona mlango unakuja. Niliujua kabla haujafika, kwa ile pete ya chuma ya kuvutia aliyoitia baba. Nikasema moyoni, leo ni leo, Mungu kaniletea haki yangu mpaka kazini. Nikautia ndoana kwa nguvu zote. Mlango ukaniambia, "Taratibu wewe mpumbavu, hapa kuna mguu."

Alikuwa amejifunga kwenye pete kwa mtandio wake, tope mpaka kwenye nyusi. Sikumtambua mpaka aliponitukana mara ya pili, ndipo nikasema huyu ni shemeji. Mguu ulikuwa umevunjika. Umeunga, anachechemea. Dereva wako akija hujifungia jikoni.

Nilitaka kuandika siku ile ile. Akakataa. Akasema, "Ngoja tuone ataandika kuulizia nini." Barua yako ikaja. Nikaisoma. Akaniambia, "Umesikia, shemeji? Mlango kaupa ukurasa. Mimi kanipa nukta."

Nilimwambia si haki kumwacha mtu na msiba wa uongo, hata kama mtu mwenyewe ni wewe. Akajibu kwamba aliyekufa ni yeye, msiba ni wake, kwa hiyo sisi wengine tukae kimya. Basi tukakaa. Ya miwani alitaka nisiandike kabisa, akalala, akaamka kabla ya kuku, akaja kunigongea. "Andika iko kwenye buti," akasema. "Atajikata vidole yule."

Barua yako ya mwisho nilimsomea mpaka mwisho. Aliichukua kutoka mkononi mwangu. Kusoma hajui, lakini hajanirudishia.

Sasa nikwambie na jingine, ulale nalo. Mawe ya mto yamekwangua ile rangi nyeusi ya baba. Chini yake hakuna mti mgumu. Ni mti mwepesi, kaka, ule wa masanduku ya nyanya. Baba aliupaka rangi nzito akatuambia ni mlango wa vizazi saba, sisi tukaula uongo tukagombania na mabaki. Lakini ungekuwa mlango tuliodhani, ungezama naye.

Haya ndiyo maneno yake, naandika anavyotamka: "Njia imefunguka. Lori lina nafasi ya mzigo mmoja, ama mlango ama mimi. Achague. Na asimtume dereva."

Mimi nakuomba umchague yeye. Si kwa wema. Amenipangia stoo upya, ameniambia ndoana naishika vibaya, na amemfundisha binti yangu kunijibu. Kukusamehe sijakusamehe. Maji yameanza kutoka na rangi ya chai ya maziwa, watu wanasema afadhali. Kazi sijui kama nitabaki nayo.

Bomba


Juu mlimani,
30 Julai

Kwako Bomba, mwizi wa wake za watu na mfichaji wa misiba.

Marahaba.

Nakuja na lori la Jumamosi. Tuwekane sawa kabla sijafika. Kiapo chetu kipo pale pale. Usinisemeshe, nami sitakusemesha. Atasema yeye, anatutosha sote.

Mti niliujua siku nilipoubeba begani kutoka kwa baba. Ungekuwa mgumu, kwa uzito ningeutupa njia panda. Lakini watu wote walikuwa wameniona nikiuchukua, na wewe ulikuwa umekwisha apa. Ningefanya nini, nirudi na sanduku la nyanya mgongoni niseme samahani? Nikaupaka rangi nyingine juu yake, nikakaa kimya, nikaulinda kama dhahabu. Mtu akishagombania kitu sana hawezi tena kukipima.

Mwambie bosi wako mlima bado una kidonda, na mvua za mwisho wa mwaka haziko mbali. Akitaka maji safi aache kukutazama wewe, maana kukutisha wewe hakuutishi mlima. Alete miche na watu wa kushika majembe. Sisi huku tutatoa viazi na matusi. Kule juu ya shule nimeanza kuchimba mashimo na vijana wawili, na mwalimu anatusimamia akiwa kwenye kiti chake, anateleza.

Mjane wa fundi cherehani nimemrudishia bakuli. Alilia, kisha akauliza kama kuna ndugu yangu yeyote aliye mpweke. Nimemwambia yupo mmoja, ana mke, lakini ni kama hana akili.

Mlango wako utundike. Ndiyo, umesoma vizuri, wala si miwani. Utundike hapo mtamboni, bawaba ya juu iwekee kipande cha ngozi isilegee. Bisibisi ninakuja nayo, ni ile ile, nimekuwa nikilala nayo chini ya mto wa kichwa kama mwehu. Nitakuachia. Sitaki kuiona tena.

Kwake sina salamu za kukutuma, utaziharibu. Mwambie tu hivi: kama nisingemwambia ashike mlango, leo angekuwa wapi? Hapana, hilo usimwambie. Likate kwa kalamu kabla hujaanza kumsomea.

Mwambie nikifika asishike kitu. Safari hii nashika mimi.

Randa